Trauti wa Great Bear: anayerudisha hana sufuria

Mswahili akisikia mtu kapanda ndege tatu hadi kaskazini mwa Kanada, kavua samaki aitwaye trauti wa kilo kumi na tano, kapiga naye picha kisha kamrudisha majini, atauliza: kitoweo kiko wapi? Tunacheka. Wadene, wenyeji wa asili wa Délı̨nę, kijiji pekee kando ya ziwa la huko, Great Bear Lake, wanauliza hilo hilo, na wao hawacheki.

Wenye kambi za uvuvi, wanaopokea wageni hao na kutaka samaki arudishwe, wana hoja nzito. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 31,000, lakini maji ni baridi mno, chakula haba, na trauti hukua polepole sana. Yule wa rekodi wa mwaka 1995, pauni 72, karibu kilo 33, hakufikia hapo kwa miaka mitano wala kumi. Mkongwe kama huyo akiishia kikaangoni, pengo lake litakuja kuzibwa enzi za wajukuu. Ndiyo maana ndoana zao hazina ule mwiba wa kurudi nyuma, mikono hulowanishwa kwanza, na samaki hushikiliwa majini mpaka apige mkia mwenyewe.

Ila wazee wa Kidene wanashikilia kwamba samaki hujitoa ili aliwe, ukimchezea, umemdharau. Wageni huyasikiliza haya kwa adabu kama imani tu, wakaendelea kurusha mishipi. Mimi naona ndani yake kuna hesabu. Mvuvi wa kitoweo akipata wawili anafungasha, sufuria imejaa. Anayerudisha hana sufuria. Anaweza kunasa thelathini kwa siku, na siku ya Julai huko haitaki kuisha. Tuseme watatu tu kati yao wanakufa baadaye, ndoana imewachana matamvua. Huyo kaua kuliko mwenye sufuria, na hakuna aliyeonja. Wamezama kimya kimya, na kwenye hesabu ya waliochukuliwa anaandikiwa sifuri! Sifuri hiyo ndiyo inayonikera.

Wakongwe warudishwe, sina ubishi. Lakini ukomo ungewekwa kwa wanaonaswa, si kwa wanaobebwa tu. Mmoja wa picha, mmoja mdogo wa mlo wa mchana (kambi zenyewe huwakaangia wageni minofu ufukweni, juu ya moto wa kuni), kisha ufito ulazwe ndani ya boti.