Kuta Tupu za Zarina Bhimji

Msanii wa picha na filamu Zarina Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963 katika familia yenye asili ya Kihindi, akahamia Uingereza mwaka 1974, miaka miwili baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Alisomea sanaa London, katika vyuo vya Goldsmiths na Slade, na mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa wasanii wanne waliowania Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza. Linalonigusa zaidi ni kwamba alirudi Uganda na kamera, akapiga picha za mahame, wala hakumweka mtu ndani yake.

Filamu yake ya Out of Blue, iliyoonyeshwa mwaka 2002 katika maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, huanza na mandhari ya kijani kibichi, kisha moto. Baadaye kamera hupita polepole katika nyumba zilizohamwa, kambi za askari na vyumba vya mahabusu ambavyo kuta zake zimebambuka rangi, hadi uwanja wa ndege wa Entebbe. Watu hawaonekani, ila sauti zao husikika. Bhimji si mchoraji, lakini jinsi anavyousubiri mwanga utue juu ya plasta iliyopasuka ni kazi ya jicho la mchoraji.

Mtu anaweza kusema kwamba kuwaondoa watu ni kuikwepa historia, kwa kuwa ukuta hausemi nani alimfukuza nani. Sikubaliani na hoja hiyo. Angetuonyesha Wahindi na masanduku yao, wengi wetu tungeyatazama kama masaibu ya wengine, kisha tungerudi kwenye ubishi wa maduka na majumba yaliyoachwa, ubishi ambao Kampala haujaisha hadi leo. Chumba cha mahabusu kikiwa kitupu, kila mtazamaji humwona wa kwake humo: askari Mwacholi aliyeuawa kambini mwaka 1971, Amin alipotwaa madaraka, au mzazi aliyechukuliwa usiku asirudi, na kando yao jirani Mhindi aliyefunga duka akashika njia ya Entebbe.

Kwa sababu hiyo natamani filamu hii ionyeshwe Mbarara kwenyewe, na katika Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante, wazee waliouona mwaka 1972 wakae pamoja na wanafunzi, kisha wapewe muda mrefu wa kuzungumza, kwa Kinyankore, Kiganda au Kiswahili, mbele ya picha hizo.