Kompozita iwashwe, mapambo yasubiri kuombwa

Aliyetumia kompyuta za zamani anaukumbuka mkasa huu. Programu imekwama, unaburuta dirisha jingine juu yake, na dirisha hilo linaacha nakala zake njia nzima, kumi, ishirini, mpaka skrini yote imechafuka. Wakati ule kila programu ilichora moja kwa moja kwenye skrini, na sehemu iliyofunikwa ikifunuliwa, ilibidi programu yenyewe iichore upya. Ikikwama, hakuna wa kuichora.

Kompozita, yaani sehemu ya mfumo inayounganisha picha za madirisha, ndiyo iliyotuondolea adha hiyo. Kila dirisha huchorwa kwanza pembeni, kwenye kumbukumbu, kisha kompozita huyakusanya yote na kuyaleta kwenye skrini yakiwa picha moja kamili. Mac OS X ilianza hivyo mwaka 2001. Windows Vista ikafuata na mwonekano wake wa Aero mwaka 2007, na Oktoba mwaka huohuo Ubuntu 7.10, mfumo wa jamii ya Linux, ikatoka na kompozita iitwayo Compiz ikiwa imeshawashwa kwa wenye kadi ya michoro inayofaa. Gharama ipo: dirisha lililojaa skrini ya 1920 kwa 1080 hula kama megabaiti 8 za kumbukumbu. Kwa mashine za leo hilo linabebeka, kwa hiyo nasema iwashwe kwa kila mtu tangu siku ya kwanza. Kwenye Wayland, njia mpya ya kuonyesha madirisha kwenye Linux, hata ubishi haupo, maana huko bila kompozita huoni kitu.

Ninachokipinga ni mapambo yaliyodandia hapo: madirisha yanayoyumba kama uji mzito, vioo vya ukungu, dirisha linalosinyaa na kuteleza hadi chini ya skrini.

Shangazi yangu alikuwa akifumba macho kila anapopunguza dirisha. Nikadhani ni uchovu. Siku moja akaniambia kwamba ile miteremko inamtia kizunguzungu, kama abiria wa gari linalokata kona. Nilipekua kurasa tatu za mipangilio ndipo nikapata pa kuizima, na yeye alikuwa ameivumilia miezi kadhaa akiamini kompyuta zote ndivyo zilivyo. Na hayuko peke yake. iOS 7, mfumo wa simu za iPhone, ilipotoka mwaka 2013 watu walilalamikia kichefuchefu, na toleo la 7.0.3 likaongeza nguvu ya kile kitufe cha kupunguza mwendo.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Anayependa madoido atayatafuta mwenyewe, tena kwa furaha. Anayeumizwa nayo mara nyingi hata hajui kwamba yanazimika. Sasa kwa nini huyu wa pili ndiye apewe kazi ya kutafuta?

Mwendo mfupi unaoonyesha dirisha limekwenda wapi, sawa, huo ubaki, unasaidia jicho. Mengine yaulizwe mara moja tu, wakati wa kusakinisha, kwenye ukurasa uleule wa kuchagua lugha na saa: unataka madirisha yacheze, au yatulie?