Kabla ya mtindi na furaha, tuzungumze muhogo mchungu

Siku hizi haipiti wiki bila kukutana na makala inayosema bakteria wa tumboni ndio wenye ufunguo wa furaha yetu. Ndani yake hukosi mtindi, hukosi vidonge vya bei mbaya, na utaambiwa kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na furaha, hutengenezwa tumboni. Hilo la serotonini ni kweli. Ni kweli pia kwamba kuna neva ndefu iitwayo vagasi inayounganisha ubongo na utumbo, na kwamba mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, pamoja na wenzao wa Kanada, waliwalisha panya bakteria wa aina moja, panya wakapungua wasiwasi. Neva ile ilipokatwa, bakteria hawakufua dafu tena.

Sibishani na sayansi hiyo, naifuatilia kwa hamu. Kinachoniuma ni kwamba kuna ugonjwa wa neva hapahapa Afrika ambao bakteria wa tumboni wana mkono wao ndani yake, umewaacha watoto wakitembea kwa magongo, na katika makala hizo zote sijawahi kuukuta hata kwa jina.

Ugonjwa huo ni konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo ya wakati ule wa Wabelgiji. Mwaka 1981, ukame ulipoipiga Nampula, Msumbiji, konzo iliwapata watu zaidi ya 1,000. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, mkoani Mara. Umeshaonekana hata Kivu Kusini. Hushika zaidi watoto waliokwishaacha ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mtoto aliyekuwa mzima anaanza kuhisi miguu mizito, inatetemeka, na ndani ya siku chache imekakamaa. Akitembea anakanyagia vidole na magoti yanapishana kama mkasi. Wengine hawasimami tena kabisa. Hauendelei kuwa mbaya zaidi, lakini haurudi nyuma, na dawa ya kuuponya hakuna.

Chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, ukiliwa wiki baada ya wiki na mtu ambaye mboga yake haina protini. Muhogo huo una kemikali inayoitwa linamarini. Ikiwa nzima, linamarini si ya kutisha sana, kwa sababu mwili wa binadamu hauna uwezo wa maana wa kuivunja, na sehemu yake hutoka na mkojo kama ilivyoingia. Wanaoivunja ni bakteria wa utumbo. Wao wana kimeng'enya cha kuikata sukari iliyoshikana na kemikali hiyo, na ikikatwa, kinachobaki kinaachia sianidi, sumu kali ambayo inaingia kwenye damu.

Kuna jaribio la mwaka 1980 ambalo kwangu mimi linamaliza ubishi. Panya walipewa amigdalini, kemikali ya jamii moja na linamarini, inayopatikana kwenye kokwa za aprikoti. Panya wa kawaida walikufa kwa sianidi. Waliolelewa bila bakteria wowote tumboni walipewa kiasi kilekile na hawakuonyesha dalili yoyote.

Mwili wenye lishe una njia ya kujitetea. Huichukua sianidi, ukaiunganisha na salfa, na kinachopatikana hutoka na mkojo. Lakini salfa hiyo inatokana na protini: maharage, dagaa, mayai, nyama. Mtoto anayekula ugali wa muhogo na kisamvu asubuhi na jioni, mwezi mzima, salfa yake inakwisha huku bakteria wanaendelea na kazi yao. Zinazoumia ni neva zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kuiamuru miguu.

Mwaka 2021 timu ya watafiti, wakiwemo Wakongo, ilichapisha uchunguzi wa bakteria wa tumboni wa watu 180 nchini Kongo, wakiwemo watoto wenye konzo. Walikuta kwamba bakteria hao wanatofautiana sana kati ya eneo na eneo, na kwamba kwenye maeneo ya konzo kuna aina za bakteria na kemia yao ambazo huenda zinabadili uwezekano wa mtu kuugua. Nadhani hapa ndipo kunaanza kupatikana jibu la swali ambalo mama yeyote angeuliza: watoto wangu wawili wamekula sinia moja, kwa nini ameanguka huyu na si yule?

Na hapa ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Neno bakteria likishatajwa, biashara ya vidonge haiko mbali, na mradi wa kidonge unapata wafadhili haraka kuliko mradi wa maji. Lakini angalia jinsi udaga, yaani muhogo uliochachushwa na kukaushwa, unavyotengenezwa Kanda ya Ziwa. Mama anamenya muhogo, anauloweka siku tatu hivi mpaka ukiubonyeza kwa kidole unaingia, maji yana povu na harufu kali, kisha anauponda na kuuanika juu ya mwamba. Ule uchachu ni kazi ya bakteria, na wengine wao wana kimeng'enya cha kuvunja linamarini. Wakiivunja ndani ya ndoo, sianidi inaishia kwenye maji na hewani. Isipovunjwa huko, itaenda kuvunjwa ndani ya mtoto. Bibi zetu walishalimaliza hilo bila maabara.

Kinachowashinda watu ni muda na njaa, wala si ujinga. Huko Bandundu, Kongo, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipofunguka, muhogo ukawa biashara, na familia zikafupisha kuloweka kutoka siku tatu hadi moja ili mzigo uwahi gari. Konzo ikafuata. Ukame nao hufanya vivyo hivyo: muhogo mchungu ndio unaobaki shambani, sumu yake inapanda, na hakuna anayesubiri siku tatu watoto wakilia.

Ndiyo maana naupenda utaratibu uliobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, unakaa juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha ugali unasongwa siku hiyohiyo. Sianidi nyingi inakuwa imeshatoka. Njia hiyo imefundishwa kwa akina mama wa Popokabaka huko Kwango na wameifuata.

Sasa niambieni, ni kliniki ngapi za watoto Mara, Mtwara au Ruvuma ambako mama anafundishwa hivyo wakati mwanawe anapimwa uzito? Ni maafisa ugani wangapi wanaogawa pingili za muhogo kwa sababu unastahimili ukame, wakamwambia mkulima kwamba ukame huohuo unauongezea sumu? Watafiti wa bakteria waendelee, na wafadhiliwe. Ila fedha ya kwanza iende kwenye mkeka, ndoo ya maji na kilo ya maharage, na iende kabla mvua hazijakosekana tena.