Usininunulie chachu ya miaka mia

Mwaka juzi nilitoa shilingi elfu hamsini kwa kijipakiti cha unga mkavu. Muuzaji aliniapia kwamba ni chachu ya zaidi ya miaka mia moja, imetoka Ulaya. Nikailoweka, nikailisha, ikaamka. Mkate ulitoka mzuri, sikatai. Kumbe jirani yangu wa mlango wa pili naye alikuwa na chachu yake, aliyoianzisha kwa atta ya dukani kwa Mangi. Siku moja tukakata mikate yote miwili, tukawapa watoto bila kuwaambia upi wa nani. Wakala, wakaomba blubendi, wakaenda zao kucheza.

Tangu siku hiyo nina msimamo: chachu hainunuliwi.

Tuelewane kwanza. Hamira ni ile ya pakiti. Chachu ninayoizungumzia ni unga na maji vilivyoachwa mpaka vijidudu vilivyokuwemo humo vikazaliana: hamira za asili zinazoumua, na bakteria wanaotia ule ukali. Bibi yangu kule Songea hakuwahi kusikia habari za mkate wa chachu, lakini hakumaliza togwa hata siku moja. Alibakiza kidogo chini ya chungu, ichachue ya kesho. Ni kazi ileile.

Na hizo hadithi za ukoo? Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliopima chachu 500 kutoka mabara manne, na mahali chachu ilikotoka palionekana kuwa na athari ndogo mno kwa vijidudu vilivyomo. Kilichonifurahisha zaidi ni utafiti mwingine wa 2020: waoka mikate kutoka nchi mbalimbali walipewa unga uleule, kila mmoja akaanzisha chachu kwake, kisha wakakutana Ubelgiji. Mikono yao ilikuwa imejaa bakteria walewale wa chachu. Kwa hiyo mama zetu wakisema fulani ana mkono wake katika kupika, sicheki tena.

Ya kwako ianzishe hivi. Gramu 50 za atta, gramu 50 za maji, kwenye chupa ya jamu. Kifuniko kiegeshe tu, usikikaze. Atta ni bora kuliko unga mweupe kwa sababu ya pumba, ndimo vijidudu vingi vilimo. Maji ya bomba yakinuka dawa, yaache wazi usiku kucha. Kila siku bakiza gramu 50, ongeza unga na maji kiasi kilekile. Siku ya pili itafura mpaka uite watu. Usishangilie, hao ni bakteria wapita njia. Siku ya tatu au ya nne itanyamaza kimya, na hapo ndipo wengi humwaga wakidhani imekufa. Haijafa. Ukali ukiongezeka, wapita njia wanaondoka na hamira zinapata nafasi. Ipe wiki moja, pengine mbili.

Ugomvi wangu mkubwa ni na maelekezo ya nchi za baridi kuhusu chachu iliyokwisha kukomaa. “Ilishe mara moja kwa siku, kiasi sawa kwa sawa.” Jikoni kwangu Dar, mwezi wa pili, kipimajoto kinasoma nyuzi 32. Nilifuata maelekezo hayo kwa uaminifu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nikilisha asubuhi, kabla ya adhuhuri imeshapanda na kuanguka; jioni inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, juu yake maji ya kijivu. Nilidhani imeoza. Ilikuwa njaa tu! Sasa nachukua gramu 10 za chachu, gramu 50 za unga, gramu 50 za maji ya friji. Chakula kingi, walaji wachache, inakwenda polepole. Nafunga mpira wa hela kwenye chupa usawa wa chachu ilipoanzia. Ikipanda maradufu naitia kwenye unga, saa isemavyo shauri yake.

Nisipooka, inakaa kwenye friji na nailisha mara moja kwa wiki. Umeme ukikatika siku mbili itaumwa njaa kidogo, haitakufa. Ila ukiona ukungu au rangi ya waridi, tupa yote bila huruma. Kwa ajili ya siku hizo nimepaka nyingine nyembamba juu ya karatasi ya kuokea, nikaikausha kwenye feni, nikaiponda, ipo kabatini kwenye kikopo. Mabaki ya kila siku, chachu ikishakomaa, ni chapati za maji, na kitunguu na pilipili. Watoto wangu wanazipenda kuliko mkate wenyewe, jambo linaloniudhi.

Ukitaka kuomba badala ya kuanzisha, omba. Kijiko kimoja kinatosha. Ukija kwangu, njoo na chupa yenye mdomo mpana.