Joel Bendera hakuishia Ndola

Kila Taifa Stars inapokaribia mashindano ya Afrika, jina la Joel Nkaya Bendera hutolewa kabatini, likafutwa vumbi, likatajwa kama la kocha aliyetupeleka fainali za Afrika za mwaka 1980, kisha likarudishwa lilikokuwa. Nimeuchoka utaratibu huo. Si kwamba sifa hiyo ni ya uongo, la hasha. Ila mtu aliyefanya kazi ya umma kwa miaka mingi, kutoka benchi la timu ya taifa hadi Bungeni na hadi ofisi za mikoa miwili, hastahili kukumbukwa kwa alasiri moja tu.

Hata hivyo sina budi kuanza na alasiri hiyo, maana bila hiyo wengi wasingemjua. Agosti 1979 Stars iliifunga Zambia bao 1-0 Dar es Salaam, ikasafiri hadi Ndola kwa mchezo wa marudiano. Zambia ikatangulia kufunga, na matokeo ya jumla yakawa sare. Katika dakika za lala salama Peter Tino akasawazisha, na kwa bao hilo Tanzania ikapata tiketi ya kwenda Lagos, Nigeria, kwenye fainali za Afrika, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Sisi tuliozaliwa baadaye tumelisikia bao hilo kwa midomo ya wazee, na kila mzee ana namna yake ya kulisimulia. Kwenye fainali zenyewe, Machi 1980, kumbukumbu nyingi zinamwandika Mpolandi, Slawomir Wolk, kuwa kocha mkuu. Lakini ukimuuliza shabiki yeyote wa umri ule ni nani aliyetupeleka huko, atakutajia Bendera kabla hujamaliza swali. Naamini shabiki huyo anasema kweli iliyo kubwa kuliko ile ya makaratasi, kwa sababu kufuzu ndiko kulikokuwa mlima. Lagos tulifungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast, tukarudi nyumbani.

Baada ya hapo kilifuata kiangazi cha miaka 39 bila kufuzu tena. Ni katika kiangazi hicho Mzee Ali Hassan Mwinyi aliifananisha timu yetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayejifunza kunyoa hujifunzia hapo, na maneno hayo yakatuganda kama kupe. Bendera aliyasikia kama sisi sote, ila kwake nadhani yaliuma zaidi, maana alijua kuwa kichwa hicho kiliwahi kuwa na akili timamu.

Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa mbunge wa Korogwe Mjini. Anayeijua Korogwe anajua ni mji wa namna gani: mabasi yanasimama, abiria wananunua machungwa dirishani, safari inaendelea, na wachache sana hujiuliza nani anaishi nyuma ya zile nyumba za barabarani. Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Hapo ndipo ninapoona kichekesho cha historia: kocha mzalendo aliyeivusha Stars akawa kiongozi katika wizara yenye dhamana ya michezo, wakati Serikali inagharamia kocha kutoka Brazil, Marcio Maximo. Simlaumu Maximo, aliyejaza tena uwanja na kutupeleka kwenye fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, mwaka 2009. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na somo la Ndola mezani, na mwalimu wake yumo ofisini, lakini kuwakuza makocha wa nyumbani hakukupewa uzito wa kulingana na somo hilo.

Baadaye alikuwa mkuu wa mkoa wa Morogoro, kisha Manyara. Sitaki kumfanya malaika. Mkuu wa mkoa hapigiwi kura. Huteuliwa, hutekeleza maagizo, na mara nyingi hulaumiwa kwa mambo ambayo hakuyaanzisha. Lakini tuitazame mikoa yenyewe. Morogoro ina Kilosa na Mvomero, ambako mkulima na mfugaji wamegombania ardhi na maji hadi damu kumwagika. Manyara ina Kiteto yenye mgogoro wa aina hiyo hiyo, na Simanjiro yenye tanzanite ya Mirerani. Huko si mahali pa kumpeleka mtu akapumzike. Kocha amezoea kukaa na watu kumi na wanane wote wakitaka kucheza, huku akijua saba watakaa benchi na bado atawahitaji kesho. Sijui chuo cha uongozi kinachofundisha hilo vizuri zaidi.

Alistaafu Oktoba 2017. Tarehe 6 Desemba mwaka huo huo alifariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, Machi 24, 2019, Stars iliichapa Uganda mabao 3-0 na kufuzu tena, ikiwa chini ya Mnigeria Emmanuel Amunike. Januari 2024, kule Ivory Coast, tulikutana tena na Zambia. Matokeo yakawa yale yale ya Ndola, 1-1, ila safari hii sisi ndio tuliotangulia, na wao ndio waliosawazisha dakika za mwisho. Benchini alikuwepo Mtanzania, Hemed Suleiman, ambaye Novemba mwaka huo aliiongoza timu kuifunga Guinea 1-0 na kufuzu kwa fainali za 2025.

Ombi langu ni dogo. Wachezaji wa mwaka 1979 walio hai wafuatwe, wawekewe kinasa sauti, waulizwe: kambi ilikuwaje, mazoezi yalianza saa ngapi, aliwapangaje kuilinda ile 1-0 ugenini, na Zambia ilipofunga, Bendera alisimama au aliendelea kukaa?