Patisheni moja au nyingi? /var inastahili chumba chake

Hoja ya kuweka mfumo mzima wa seva ya Linux kwenye patisheni moja (kipande kimoja cha diski) ina nguvu, na anayeitetea si mvivu. Seva nyingi siku hizi ni mashine pepe: diski ikikaribia kujaa unaiongeza, unaendesha growpart (hurefusha patisheni) kisha resize2fs (hupanua mfumo wa faili), kazi imekwisha. Hukuti /home (mafaili ya watumiaji) ina GB 40 zimelala huku /var (data inayobadilika kila mara) inalia njaa. Tena ule mgawanyo wa zamani uliotenga hata /usr (programu zenyewe) umepitwa na wakati kweli. Kwenye Debian 12, toleo moja la Linux, /bin na /lib ni viungo tu vinavyoelekea ndani ya /usr, hivyo kuitenga hakuna tija.

Kutoka hapo, wengi huruka hadi kusema kwamba kutenga chochote ni ushamba, na hapo ndipo /var inapoonewa. Mzizi (/) wa seva ya Debian isiyo na eneo-kazi hutosha ndani ya GB 15, na mwaka unapita ukiwa karibu vilevile. /var hubeba logi, foleni za barua, hifadhidata na vifurushi vya programu vinavyopakuliwa na apt. Kasi ya kujaa kwake iko mikononi mwa watu wa nje, akiwemo anayebahatisha nywila za SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) usiku kucha.

Tazama logi zinapoijaza hiyo patisheni moja yenye kila kitu. Wengi hutegemea ile asilimia 5 ambayo ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, humwekea root, msimamizi mkuu. Haiwaokoi: kwenye Debian rsyslog, programu inayoandika logi, huendeshwa kama root, kwa hiyo huila na akiba hiyo. PostgreSQL (hifadhidata) ikikosa pa kuandika pg_wal, kumbukumbu ya mabadiliko yake, hujizima, na haiamki mpaka nafasi ipatikane. dpkg, kisakinishi cha vifurushi, hukatika katikati, kifurushi kikabaki nusu. Unafungua faili la usanidi ili urekebishe, kihariri kinalisafisha kwanza ndipo kiandike, kuandika kunashindikana, na sasa faili lina baiti 0. Unafuta /var/log/syslog yenye GB 30, lakini df -h (hupima nafasi ya diski) bado inaonyesha 100%, kwa sababu rsyslog ingali imelishika faili lililofutwa. lsof +L1 italifichua; kuianzisha upya rsyslog kutarudisha nafasi. Ungetumia truncate -s 0 (humwaga faili bila kulifuta) badala ya rm, usingefika huko.

/var/log ikiwa na patisheni yake, kinachopotea ni mistari ya logi tu. Hifadhidata inaendelea kuandika, apt inafanya kazi, nawe una muda wa kutafuta nani anapiga kelele.

Lalamiko lenye uzito ni la ukubwa: nani ajuaye /var itataka kiasi gani baada ya miaka 2? Hakuna, na ndiyo maana usikisie. Tumia LVM, inayogawa diski kwa volumu unazoweza kuzipanua baadaye, na anza kidogo. Kwa diski ya GB 100: /boot GB 1, mzizi 15, /var 20, /var/log 8, /tmp 4, swap (kumbukumbu ya ziada ya diski) 4. Karibu nusu ya diski inabaki ndani ya kundi la volumu (hazina ya LVM), haijagawiwa. /var ikibanwa, lvextend -r -L +5G vg0/var humaliza kazi kwa sekunde chache bila kuzima chochote. Angalia sana kisakinishi cha Debian: katika ugawaji wa kuongozwa huuliza utumie kiasi gani cha kundi la volumu, na jibu lililokwishajazwa ni lote. Anayegonga Enter hapo habaki na akiba ya kupanulia, na amejifungia mlango, kwani ext4 hupunguzwa ikiwa imeshushwa (umount) tu, na XFS, mfumo mwingine wa faili, usitegemee kuipunguza.

Gharama zipo. mv kutoka patisheni moja hadi nyingine ni kunakili na kufuta, kwa hiyo faili kubwa huchukua muda. Ukiweka noexec (marufuku ya kuendesha programu) kwenye /tmp, programu zinazoendesha hati zake humo hushindwa. Patisheni ndogo huwa pia na inodi chache, na kila faili huhitaji moja: ext4 kwa kawaida hutoa inodi 1 kwa kila baiti 16384, yaani takriban milioni 1.3 kwa GB 20. Foleni ya barua au mafaili ya vikao vya PHP huzimaliza huku df -h ikionyesha nusu tupu na programu zikilalamika nafasi imekwisha. Hapo tazama df -i, inayohesabu inodi. Ukitarajia mafaili madogo mengi, umbiza kwa mkfs.ext4 -i 8192 tangu siku ya kwanza, maana uwiano huo haubadilishwi baadaye.