Bado Mmoja

Jamani, hili neno moja limenichosha. Asubuhi nafika kituoni Rangi Tatu, konda anagonga bati la daladala: "Bado mmoja! Mmoja tu tuondoke!" Nikatimua mbio kama nimeiba kuku, nikijua huyo mmoja ni mimi. Nikapanda. Konda akachungulia nje: "Bado mmoja!" Akaingia mzee na mkongojo. "Bado mmoja!" Akaingia mama na beseni la dagaa, mgongoni mtoto. Huyo mmoja alifika watu kumi na watatu. Mtoto sikumhesabu, hakulipa nauli.

Nimesimama kwa mguu mmoja, wa pili umekosa pa kukanyaga, nikamkumbuka mwalimu wangu wa Kiswahili. Alitufundisha kwamba sita, saba na tisa ni wageni, tumewachukua kwa Waarabu. Moja ni mwenyeji, Mbantu halisi, pamoja na mbili, tatu, nne, tano na nane. Sasa angalia adabu ya mgeni: watu sita, viti sita, vyumba sita. Habadiliki hata umpeleke wapi. Huyu mtoto wa nyumbani sasa! Mtu mmoja, kiti kimoja, ukuta mmoja, mahali pamoja. Kila nyumba anayoingia anabadili shati. Kigeugeu kama huyo utamwamini vipi?

Tena kuna wenyeji waungwana walioondolewa kazini. Kenda ndiye alikuwa tisa wetu. Leo ukimtaja harakaharaka watu wanadhani umetukana. Fungate alikuwa saba, sasa kabakia chumbani kwa maharusi, anahesabu siku zao. Wa sita alikuwa tandatu, huyo ndiyo kabisa, hata maharusi hawamtaki. Wote wamekwenda, tumeachiwa moja.

Haya, fundi cherehani. Nilimpelekea kitambaa cha suruali, akaniambia, "Usijali kaka, utaivaa siku moja." Mimi nikaelewa siku moja. Yeye alimaanisha siku moja. Nilipomfuata akasema njoo Jumamosi. Nimekwenda Jumamosi nne. Juzi ndipo nikagundua kosa langu: Jumamosi ni juma na mosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na mosi ni moja yuleyule kavaa kanzu! Ningejua mapema, ningemwambia anishonee Jumanne.

Kazini sisemi sana. Bosi anataka tufike saa moja. Sisi saa zetu tunazihesabu tangu jua lichomoze, kwa hiyo ni saa ya kwanza ya mchana, mtu hata chai haijamshuka. Nikachelewa, akaniita: "Njoo tuongee dakika moja." Niliingia ofisini kwake nimenyoa ndevu, nikatoka zimeota.

Jioni nimechoka, miguu inawaka moto, nasikia tena: "Bado mmoja! Mmoja tu!" Safari hii nikasema sidanganyiki. Nikachungulia dirishani kwanza. Kweli bwana, vijana wamejaa siti zote, imebaki moja ya nyuma. Nikapanda, nikakaa, nikashusha pumzi. Mara vijana wote wakainuka, wakashuka mmoja mmoja, wakipokea hela mlangoni. Kumbe wapiga debe.

Nikabaki mimi na dereva. Nje konda anagonga bati: "Bado mmoja!"